Nyongo Bila Kifuko Chake



Katika makanisa yetu, toka Kikula mpaka Panda, wako ndugu na dada waliofanyiwa operesheni ya kutoa kifuko cha nyongo kwa sababu ya mawe. Maumivu ya ubavu wa kuume yaliisha, tukamshukuru Mungu. Lakini wengine wamebaki na tumbo kujaa hewa, na kuharisha mara wakiisha kula. Ndipo maneno yanaanza: "Uponyaji haukukamilika. Kuna mkono wa mtu." Kwa ajili ya maneno hayo, wengine wanaugua kwa siri. Tueleze jambo lenyewe.

Nyongo haitengenezwi na kifuko. Inatengenezwa na ini, usiku na mchana, karibu nusu lita mpaka lita moja kwa siku. Kifuko ni kama bidoni chini ya bomba: maji yanadondoka kidogo kidogo, bidoni inayakusanya, na wakati wa kazi tunamimina mengi. Tukila mafuta, kifuko hujikaza na kumimina nyongo iyavunje. Bidoni ikiondolewa, bomba linaendelea kudondoka ndani ya utumbo. Mafuta mengi yakija kwa mara moja, nyongo haitoshi. Tena nyongo ikishuka kupita kiasi mpaka utumbo mkubwa, inauchokoza, na mtu anaharisha maji. Hiyo si laana. Kwa wengi mwili unazoea baada ya majuma au miezi.

Basi tufanye nini? Tule kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku. Mafuta hayakukatazwa, ila tuyagawanye. Sombe yenye mawese mengi na karanga, pamoja na nyama ya kukaanga, ni mzigo katika sahani moja. Bukari na samaki wa kuchemsha, na sombe yenye mafuta kidogo, ni afadhali. Pilipili na kahawa tupunguze. Maharage tuongeze polepole. Anayeharisha anywe maji ya kutosha. Kuharisha kusipokoma, amuulize daktari: iko dawa inayoshika nyongo tumboni, kolestiramini. Inaweza kushika dawa nyingine pia, kwa hiyo daktari ndiye apange saa za kila moja.

Na kufunga? Kukaa siku nzima bila chakula, kisha kufungua kwa sahani kubwa ya mafuta, ni kulitesa tumbo hili. Viongozi, tusimwaibishe anayekunywa uji saa sita. Paulo alipojua taabu ya tumbo la Timotheo, alimpa shauri la kinywaji (1 Timotheo 5:23). Hakumkemea kwamba hana imani.

Lakini ziko dalili za kukimbilia hospitali siku ileile: macho kuwa manjano, homa na kutetemeka, mkojo mweusi na choo cheupe, au maumivu makali kurudi. Jiwe linaweza kubaki katika mfereji wa nyongo. Vijana wenye ugonjwa wa damu wa SS hupata mawe hayo mara nyingi, na macho yao huwa manjano hata siku nyingine. Wakiongeza homa au maumivu ya tumbo, wasisubiri.

Mkesha usimzuie mtu. Aende, nasi tutamsindikiza tukiomba njiani. Aliyetupa maombi ndiye aliyetupa na madaktari.

Amina.