Kuunda Faili Yenye Faharasa kwa Amri za OpenVMS

Faili yenye faharasa huhifadhi rekodi pamoja na orodha ya funguo zinazoonyesha kila rekodi ilipo. Rekodi moja kati ya maelfu hupatikana bila kuisoma faili nzima. Katika OpenVMS, mfumo uliobuniwa na kampuni ya Digital ya Marekani miaka ya 1970, faili hizo husimamiwa na RMS, sehemu ya mfumo inayoshughulikia faili na rekodi.

Kazi huanza kwa kuandika maelezo ya faili katika lugha ya FDL, kwa mkono au kwa msaada wa amri ya EDIT/FDL. Tuseme ni faili ya wateja. Mstari wa ORGANIZATION huandikwa INDEXED. Chini ya KEY 0, yaani ufunguo mkuu, SEG0_POSITION 0 na SEG0_LENGTH 8 humaanisha kwamba ufunguo ni baiti 8 za mwanzo wa rekodi, zenye namba ya mteja. DUPLICATES NO huzuia wateja wawili kupewa namba moja. KEY 1 inaweza kuwa jina, ambalo huruhusiwa kujirudia.

Amri ya CREATE/FDL=WATEJA.FDL huunda faili tupu. Kama data tayari ipo kwenye faili ya kawaida, CONVERT/FDL=WATEJA.FDL ORODHA.TXT WATEJA.DAT hupanga rekodi kwa ufunguo mkuu na kujenga faharasa.

Baada ya rekodi nyingi kuongezwa na kufutwa, utafutaji hupungua kasi. ANALYZE/RMS_FILE hukagua hali ya faili, na CONVERT huipanga upya. Nakala ya akiba itengenezwe kwanza.