Pini ndiyo inayoamua

Maranda ya shaba yaliyolundikana chini ya jiliwa yalikuwa membamba mno, hata mzee yule akaniomba nisipumue karibu nayo. Yakiruka huingia kwenye mafuta ya kulainishia, na yakishaingia humo, kazi yote imeharibika. Ni mkereza vyuma mstaafu wa Ohio, Marekani, na alasiri ile alikuwa akipunguza unene wa shingo za maganda ya risasi, moja baada ya jingine, kwa kifaa kinachoenea kiganjani.

Kilichonipeleka kwake ni jambo dogo lililokataa kunitoka kichwani. Kwenye uwanja wa Kelbly's, huko North Lawrence, ambako wapiga shabaha wa benchi, wanaofyatua bunduki ikiwa imeegemezwa mezani, wamekuwa wakishindana katika mashindano ya Super Shoot, niliwakuta washindani wakijaza risasi zao palepale, katikati ya mapambano, wakirudia maganda yaleyale machache siku nzima. Nilitarajia wazungumze baruti na upepo. Walizungumza shingo.

Mchezo wenyewe ni wa kupima ukaribu wa matundu: mtu anafyatua risasi tano kwenye karatasi iliyo umbali wa yadi 100 au 200, kisha unapimwa umbali kati ya vitovu vya matundu mawili yaliyoachana zaidi. Risasi inayotawala hapo ni 6 PPC, iliyobuniwa mwaka 1975 na Louis Palmisano na Ferris Pindell kutokana na ganda la .220 Russian. Chemba nyingi za bunduki zinazotumia risasi hiyo zimetobolewa kwa shingo ya kipenyo cha inchi 0.262. Kichwa cha risasi peke yake kina inchi 0.243. Ganda likishatanuliwa kupokea kichwa hicho, kuta zake bado ni nene kupita nafasi iliyobaki, kwa hiyo ni lazima zipunguzwe hadi karibu inchi 0.0085, yaani kama sehemu mbili za kumi za milimita. Usipokereza, risasi haiingii. Ukikereza vibaya, upande mmoja wa shingo unabaki mnene kuliko mwingine, kichwa kinakaa kimeegemea, na shingo inakiachia bila usawa baruti inapowaka.

Nilimuuliza mzee ni kifaa kipi cha kukereza ambacho mtu anayeanza achague. Nilidhani atanitajia jina la kiwanda. Badala yake alichomoa kipande cha chuma cha duara, kirefu kama kidole cha mwisho, akaniwekea mkononi.

“Wote wanaangalia kisu,” alisema. “Wewe angalia pini.”

Pini ndiyo inayoingia ndani ya shingo ganda linapozungushwa, huku kisu kikila kwa nje. Nafasi iliyopo kati ya pini na ncha ya kisu ndiyo itakayokuwa unene wa ukuta. Kwa hiyo pini ikilegea, shingo inacheza, na kisu kinakata kwa kufuata mchezo huo. Ikibana, shaba inaanza kung'ang'ania chuma, joto linapanda, na kipimo ulichokiweka asubuhi si kile unachokata saa moja baadaye. Mzee anataka pini iwe ndogo kuliko tundu la shingo kwa karibu nusu ya sehemu moja ya elfu ya inchi, pengine zaidi kidogo. Alinionyesha anavyojaribu: alipaka mafuta, akasukuma ganda kwa vidole viwili, likaingia kwa ukinzani wa mbali. Akalitikisa. Halikucheza. Akachukua jingine ambalo hakulitanua sawasawa, nikalisukuma mwenyewe, na kweli, nililisikia likikwama katikati.

Ndiyo maana anasisitiza kwamba pini na kitanuzi cha shingo vinunuliwe kama jozi, kwa mtengenezaji mmoja. Ameshaona watu wakilipia kisu cha bei kubwa, kisha wakatanua shingo kwa kifaa cha kiwanda kingine kisichooana na pini, na kuishia kulaumu kisu. Pini za kabaidi ni ghali, lakini shaba haizing'ang'anii kirahisi. Za chuma cha kawaida zinafanya kazi nzuri kwa mtu asiye na haraka na asiyebana mafuta. Mwili wa kifaa uwe mzito, kwa sababu chuma kingi huchelewa kupata moto.

Pembe ya kisu nayo haina msamaha. Bega la 6 PPC lina nyuzi 30, la .308 Winchester lina nyuzi 20, na ncha lazima ifuate bega la ganda lako. Kisu kinatakiwa kiguse mwanzo wa bega kidogo tu. Kikiishia kabla, inabaki pete ya shaba nene pale shingo inapokutana na bega, na baadaye pete hiyo husogea ndani na kubana kichwa cha risasi. Kikizidi, shingo inadhoofika na kukatika.

Kuzungusha kwa mkono au kwa drili? Yeye hutumia drili ya mwendo wa polepole, na hukata mara mbili: kwanza sehemu kubwa, kisha mkato wa mwisho baada ya kila kitu kupoa. Alipima ganda moja mbele yangu kwa mikromita yenye ncha ya duara, pande nne. Kipimo hakikubadilika. Alifurahi kwa dhati, na mimi pia.

Hata hivyo, mwenye bunduki ya kawaida ya dukani, ambayo chemba yake ina nafasi tele, mzee anamshauri asinunue chochote kwanza. Apime maganda yake. Yakiwa ya kiwanda makini, huenda tofauti ya unene ni ndogo kiasi kwamba upepo wa uwanjani utaifunika. Je, kuna mahali hasa ambapo kukereza kunaacha kuonekana kwenye karatasi? Hajapata namna ya kuutenga upepo na shingo ili ajibu hilo, na sidhani kama jibu litapatikana kwenye gereji kama yake.

Swali hilo limemfikia hata yeye. Mtutu wake umechakaa, na wapo wapiga shabaha wanaoagiza chemba yenye shingo pana isiyohitaji kukereza kabisa. Fundi anayemtengenezea mtutu mpya anataka kujua atoboe kipimo gani, 0.262 kama zamani au kikubwa zaidi. Nilimuuliza amejibu nini.

“Bado,” alisema, akaliweka ganda lililofuata kwenye drili.