Mawe ya Lothagam na kiburi chetu cha pwani

Sisi tuliolelewa Kibokoni, hatua chache tu kutoka Fort Jesus, tulikua tukiamini kwamba jiwe ni jambo letu. Bara ni udongo na nyasi. Pwani ni mawe na chokaa. Darasani palikuwa na mwenzetu Mturkana, nasi tulimtania kwamba kwao hakukujengwa kitu. Hakujibu, na hakuna mtu mzima aliyemjibia.

Ngome nayo ilitufunza jambo jingine: kazi kubwa ya mawe yataka mtawala. Mfalme Philip, aliyetawala Uhispania na Ureno, aliamuru. Ujenzi ukaanza mwaka 1593.

Imani zote mbili zilinitoka niliposoma habari za Lothagam, magharibi ya Ziwa Turkana. Mwaka 2018, wataalamu wa mambo ya kale wakiongozwa na Elisabeth Hildebrand walieleza jinsi wafugaji wa mwanzo wa eneo hilo, yapata miaka 5,000 iliyopita, walivyojenga jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30 hivi. Katikati walichimba shimo kubwa, na kwa karne kadhaa wakazika humo watu wanaokadiriwa kuwa 580 au zaidi. Hatimaye walilifunika kwa mawe na kusimamisha nguzo, nyingine zikiwa zimeletwa kutoka mbali kiasi cha kilomita moja.

Mkubwa wao yu wapi? Hakuonekana. Wanaume, wanawake, wazee na watoto wachanga wamelazwa pamoja, na takriban kila mmoja ana pambo lake: shanga za mawe, za maganda ya mayai ya mbuni, na vitu vya meno ya kiboko (hapo mtoto wa Kibokoni nilitabasamu). Mmoja alizikwa na pambo la kichwa lenye meno zaidi ya 400 ya panya wadogo wa nyikani. Hebu fikiri subira ya aliyelitengeneza!

Siku hizo mvua zilikuwa zikipungua na ziwa likirudi nyuma. Wataalamu wanadhani kaburi hilo liliwakutanisha watu waliotawanywa na shida ya malisho. Silioni hilo kuwa geni. Hata kwetu, matanga ndiyo hukusanya ukoo.

Mwalimu anayewapeleka wanafunzi ngomeni na awaulize: hapa nani aliamuru? Kisha awaulize hilo hilo kuhusu Lothagam, na awaache wabishane njia nzima ya kurudi shuleni.