Ersatz: Jina la Muda la Manowari za Kijerumani

Makala haya yanafafanua kaida ya majina ya manowari za Kijerumani kabla ya 1918. Manowari iliyoundwa kujaza nafasi ya nyingine iliitwa Ersatz, yaani "mbadala wa", likifuatiwa na jina la iliyotangulia. Jina halisi lilitolewa siku ya kushushwa majini.

Königsberg iliangamia katika delta ya Rufiji Julai 1915. Desemba jina lake lilirithiwa na meli iliyokuwa Ersatz Gazelle. Hivyo Ersatz huonyesha nafasi, ilhali jina hutunza kumbukumbu.

Ersatz Yorck, iliyoanza kuundwa 1916, haikushushwa kamwe. Kiisimu, ilibaki na kirai cha maelezo: marehemu ametajwa, mrithi hakupata jina.