Je, Wajua? Mganda ulizaliwa gwarideni

Mpenzi wa ngoma akifika Songea aanzie Makumbusho ya Majimaji, yalipo makaburi ya mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Kila Februari, wakikumbukwa, ngoma ya lizombe ya Wangoni hurindima hapo hapo.

Ila kwa utundu wa ala, mie namsukuma hadi Mbamba Bay, ziwani Nyasa. Huko huchezwa mganda, ngoma iliyotokana na beni, yaani ngoma ya kuiga bendi za kijeshi, ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza. Wachezaji bado hujipanga mistari kijeshi. Na tarumbeta? Kibuyu! Tundu lake huzibwa kwa utando mwembamba, mtu akiimbia ndani sauti inatoka ikivuma kama shaba. Wanawake nao wana ngoma yao, kioda.