Kibodi Iliyonyamaza: Kutafuta Hitilafu kwa Kufuata Njia

Katika Machame, kwenye mteremko wa kusini-magharibi wa Mlima Kilimanjaro, maji ya kunyweshea migomba na kahawa hayafiki kihambani yenyewe. Tangu zamani wenyeji wameyachukua kutoka mito iteremkayo mlimani, kama vile Weruweru na Kikafu, wakayaongoza kwa mifongo, yaani mifereji iliyochimbwa kwa kufuata mwinamo wa ardhi. Mfongo mmoja huweza kupita penye mashamba ya watu wengi kabla ya kumfikia mtu wa mwisho. Basi zamu ya mtu huyo inapowadia na maji yasionekane, yeye hang'oi migomba yake wala hachimbi mfongo mpya. Huchukua jembe, akaufuata mfongo kuelekea juu, akitazama maji yamekomea wapi. Huenda gogo la mgomba limeziba njia. Huenda ukingo umebomoka. Huenda jirani amesahau kufunga lango lake. Dalili ni moja tu, nayo ni kihamba kikavu. Sababu ni nyingi, na kila moja ina mahali pake.

Busara hiyo humfaa pia mtumiaji wa kompyuta. Makala hii inaeleza hitilafu moja iwapatayo wanaotumia mfumo wa Linux: kibodi kukataa kuandika mara baada ya kubadilisha eneo-kazi. Hitilafu yenyewe aghalabu ni ndogo. Gharama ya kuitafuta vibaya si ndogo hata kidogo.

Chumba cha kompyuta

Chukua mfano wa shule ya sekondari huko Machame yenye kompyuta kumi za zamani. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa mfumo wake wa Windows 10, na kompyuta nyingi za umri huo hazina sehemu zinazodaiwa na Windows 11. Kwa sababu hiyo mwalimu wa somo la kompyuta ameweka Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland. Mfumo huo hutolewa bila malipo, na kila mtu anaruhusiwa kuuchunguza na kuurekebisha. Wala si mgeni nchini Tanzania: kwa njia ya mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kuzitafsiri programu za ofisi za OpenOffice, na toleo la Kiswahili likatolewa mwaka 2004.

Linux humwachia mtumiaji hiari ya kuchagua eneo-kazi. Eneo-kazi ni ile sura ya kompyuta inayoonekana kwenye kioo: orodha za programu, madirisha, vitufe vya kufungia madirisha hayo, na mipango yote inayoambatana nayo. Yako ya aina nyingi. KDE na Xfce yalianza mwaka 1996, na GNOME mwaka 1997. GNOME lina madoido mengi na hudai kumbukumbu kubwa. Xfce ni jepesi na huifaa mashine ya zamani. Mwalimu wetu ameona GNOME linakwenda polepole, akaongeza Xfce. Katika ukurasa wa kuingilia amelichagua eneo-kazi jipya, ameandika neno lake la siri, na mlango umefunguka. Kipanya kinatembea vizuri. Amefungua dirisha la kuandikia, akabonyeza kitufe kimoja, cha pili, cha tatu. Hakuna herufi hata moja inayotokea.

Hapo mawazo matatu humjia mtu upesi: kwamba kibodi imekufa, inunuliwe nyingine, kwamba kompyuta imeharibika, itupwe, au kwamba Linux haifai, iondolewe. Kila wazo lina bei yake. Fedha za kununulia kibodi zingeweza kununua kemikali za maabara. Kompyuta iliyotupwa hupunguza nafasi za wanafunzi ambao mtihani wa vitendo unawangoja. Na mfumo ukifutwa wote, kazi za wanafunzi huweza kupotea pamoja nao. Zaidi ya hayo, yote matatu yanapingana na ushahidi ulio wazi: dakika mbili tu zilizopita, kibodi hiyohiyo iliandika neno la siri, na kompyuta ikalisadiki.

Safari ya herufi moja

Ili kujua maji yamekomea wapi, sharti kwanza mtu aujue mfongo wenyewe. Herufi husafiri kutoka kidoleni hadi kwenye kioo kwa vituo kadhaa.

Kituo cha kwanza ni kibodi. Chini ya vitufe kuna nyaya nyembamba zinazokutana kama nyuzi za mkeka. Kwa mfano, nyaya 8 za kulala zikikutana na nyaya 16 za kusimama hutoa makutano 128, nayo yanatosha kwa kibodi ya kawaida yenye vitufe 104. Kitufe kinapobonyezwa, waya mmoja wa kulala huungana na mmoja wa kusimama. Chombo kidogo kilichomo ndani huyapitia makutano hayo mara nyingi kwa sekunde, na kikiona muungano hutuma namba yake. Kwa kibodi ya USB, kitufe cha A hutuma namba 4.

Kituo cha pili ni kiini cha Linux, yaani ile sehemu ya mfumo inayosimamia vifaa vyote. Kiini hupokea 4 na kuigeuza kuwa namba yake chenyewe, 30. Kituo cha tatu ni msimamizi wa maonyesho, anayetawala kioo, kipanya na kibodi. Msimamizi wa zamani ni X, aliyeanzishwa mwaka 1984 katika chuo cha MIT huko Marekani. Utaratibu mpya ni Wayland, ulioanza mwaka 2008. Katika X, namba 30 huongezwa 8 ikawa 38. Hapo ndipo mpangilio wa herufi unapoangaliwa ili kuamua kwamba 38 ni «a», herufi ambayo katika hesabu ya kompyuta ni 97. Kwa mpangilio wa Kifaransa, ambao hutumika sana Kongo, kitufe cha mahali hapohapo huandika «q». Kwa hiyo kibodi haijui herufi yoyote. Inajua mahali tu.

Kituo cha nne ni meneja wa madirisha. Huyu huamua ni dirisha lipi lipewe herufi, kwa maana madirisha mengi huweza kuwa wazi kwa wakati mmoja. Katika Wayland kazi za kituo cha tatu na cha nne hufanywa na programu moja. Kituo cha tano ni msaidizi wa uandishi, ambaye hutumika hasa kwa lugha kama Kichina na Kijapani, ambapo vitufe kadhaa huunda alama moja. Mwisho ni programu inayotumika, ambayo huichora herufi.

Mtu anapobadilisha eneo-kazi, kibodi na kiini havikuguswa. Vituo vya juu ndivyo vilivyobadilika. Basi hapo ndipo panapostahili kushukiwa kwanza.

Kuugawa mfongo nusu kwa nusu

Tuseme mfongo una vipande 64. Anayeanza chini na kukagua kipande kimoja kimoja huenda akakagua karibu vyote. Lakini akienda moja kwa moja katikati na kuyakuta maji, anajua kwamba hitilafu iko chini yake, na vipande vilivyobaki ni 32. Akirudia hivyo hubaki 16, kisha 8, 4, 2, na hatimaye 1. Ukaguzi sita umetosha, kwa kuwa 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara sita ni 64. Njia ya herufi nayo hugawanywa vivyo hivyo.

Jaribio la kwanza: bonyeza Caps Lock na kutazama taa yake. Wengi hudhani kibodi huiwasha taa hiyo yenyewe. La hasha. Kibodi hupeleka habari, na kompyuta ndiyo inayorudisha amri ya kuwasha. Taa ikiitika, habari imekwenda na kurudi, na waya ni mzima.

Jaribio la pili: bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Linux hufungua ukurasa wa maandishi matupu usiotegemea eneo-kazi. Ukifunguka na ukakubali jina la mtumiaji, vituo vya chini ni vizima. Isitoshe, anayeipokea amri hiyo ni msimamizi wa maonyesho. Hivyo naye anaisikia kibodi, na hitilafu iko juu yake. Ili kurudi, hubonyezwa Ctrl, Alt na F1, F2 au F7, kwa kutegemea mfumo ulivyopangwa.

Jaribio la tatu: fungua akaunti mpya ya mtumiaji, uingie kwayo katika Xfce. Kibodi ikiandika, eneo-kazi halina kosa. Kosa limo katika mipango iliyohifadhiwa ya mtumiaji wa kwanza.

Sababu na dawa zake

Madirisha yakikosa vichwa vyake na vitufe vya kufungia, meneja wa madirisha hakuamka. Katika Xfce meneja huyo huitwa xfwm4. Mara nyingi kosa ni kumbukumbu mbovu ya kikao kilichopita. Kwa ukurasa wa maandishi, folda iitwayo sessions iliyomo ndani ya folda ya .cache ya mtumiaji hubadilishwa jina, kisha mtumiaji huingia upya. Kubadilisha jina ni bora kuliko kufuta, kwa sababu huacha njia ya kurudi.

Ikiwa kitufe kikishikwa chini kwa sekunde moja au zaidi huandika, lakini kikiguswa upesi hunyamaza, basi mpango wa vitufe vya polepole umewashwa. Mpango huo uliwekwa kwa manufaa ya watu ambao mikono yao hutetemeka. Katika baadhi ya mifumo huwaka wenyewe Shift ikishikwa kwa sekunde 8, na daftari lililoegemezwa kwenye kibodi linatosha kufanya hivyo. Huzimwa kwa kipanya katika mipango ya usaidizi.

Ikiwa programu fulani huandika na nyingine hukataa, mshukiwa ni msaidizi wa uandishi. Yamkini mipango ya zamani inazielekeza programu kwa msaidizi kama IBus, ambaye eneo-kazi jipya halikumwamsha. Zinapeleka herufi kwa mtu asiyekuwapo. Dawa ni kumwamsha, au kuyaondoa maelekezo hayo.

Ikiwa kipanya nacho kimekufa na ukurasa wa maandishi haufunguki, hali kibodi hufanya kazi katika orodha inayotokea kompyuta inapowashwa, huenda kiunganishi baina ya X na vifaa kimeondolewa. Hilo hutokea mtu anapofuta eneo-kazi la zamani na kukubali, bila kusoma, kwamba «visivyohitajiwa tena» vifutwe navyo. Katika Debian na jamaa zake kiunganishi hicho huitwa xserver-xorg-input-libinput, nacho huwekwa tena kwa kuingia katika hali ya matengenezo.

Pana na ndugu wa hitilafu hizi ambaye hanyamazi bali hukosea. Mwanafunzi huandika «ng'ombe» na kioo kikaonyesha «ngómbe». Hapo eneo-kazi jipya limechagua mpangilio wa kimataifa wa Kimarekani, ambamo alama ya ng' huingoja herufi inayofuata ili kuitia mkazo. Dawa ni kuchagua mpangilio wa kawaida wa Kimarekani, au ule wa Kiswahili cha Tanzania, ambao umo katika Linux.

Funzo kwa darasa

Kanuni zinazotokana na haya ni chache. Kwanza, uliza ni kitu gani kilichobadilika mwisho. Pili, badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Mwenye kubadilisha matatu na kufanikiwa hajui ni lipi lililomponya. Tatu, andika kila jaribio na jibu lake daftarini, hata jibu la «hapana», maana nalo huondoa nusu ya njia. Nne, usifute kitu unachoweza kukiweka kando.

Mwalimu aweza kulifanya somo hili kuwa zoezi la vitendo. Kundi moja la wanafunzi liiharibu mipango ya kompyuta ya mazoezi kwa siri: liwashe vitufe vya polepole, au lichague mpangilio wa Kifaransa. Kundi la pili litafute hitilafu bila kuuliza, likiandika kila hatua. Kisha darasa lihesabu: kundi lilitumia majaribio mangapi, na yapi hayakuwa ya lazima? Mwanafunzi aliyezoea hesabu hiyo ataitumia pia kwenye redio iliyonyamaza, kwenye pampu isiyovuta maji, na kwenye mfongo wa nyumbani siku ya zamu.