Je, Wajua? Safari ya Elimu ya Wayunani

Je, wajua kwamba maneno falsafa, kalamu na karatasi, ambayo Mswahili huyatamka kila siku pasina kufikiri, asili yake ni Kiyunani, nayo yalitufikia kwa ulimi wa Kiarabu? Na si maneno tu; vitabu navyo vilisafiri.

• Hunayn ibn Ishaq, tabibu na mfasiri mashuhuri wa Baghdad aliyefariki mwaka 873, alizunguka Iraki, Sham, Palestina na Misri hadi Iskandaria akikitafuta kitabu kimoja tu cha Galen, tabibu wa Kiyunani, juu ya elimu ya burhani; na baada ya taabu yote hiyo, alikipata Dameski, tena yapata nusu yake.

• Gerard wa Cremona, mzaliwa wa Italia, alihajiri hadi Toledo, Hispania, kwa shauku ya kukisoma kitabu cha Ptolemy, mtaalamu wa Kiyunani, cha elimu ya nyota. Akajifunza Kiarabu, na hadi mauti yalipomfika mwaka 1187 alikwisha kufasiri kwa Kilatini vitabu zaidi ya 70, miongoni mwavyo vya Aristotle.

• Wala si elimu ya Wayunani pekee iliyosafiri: sarufi ya Kilatini ya Priscian, iliyotungwa Constantinople yapata mwaka 500, ilinakiliwa na watawa wa Ireland katika karne ya 9. Nakala yao, iliyohifadhiwa hadi leo Sankt Gallen, Uswisi, imejaa maelezo zaidi ya 9,000 pambizoni na baina ya mistari, na zaidi ya 3,000 ni ya Kiairishi cha kale. Mahali pamoja mnakili, mkono ukiwa kazini, ameandika kuulalamikia wino wake mbovu.